Helikopta Iangukapo, Ukweli Usizikwe Pamoja na Wafu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanaharakati wa haki na washiriki wa makanisa)



Nimeombwa nieleze jinsi chanzo cha kuanguka kwa helikopta kinavyoweza kutafutwa hata kikajulikana. Huenda mmoja wenu akauliza, je, jambo hili si la mafundi na majaji? Lawahusu nini watu wa kanisa na watetezi wa haki? Nami nitajibu kwamba, katika pande zetu hizi za Afrika, helikopta inapoanguka na kiongozi ndani yake, hakianguki chuma peke yake. Huanguka pia imani ya wananchi kwa serikali yao, na mara nyingine amani yenyewe huanguka.

Kabla moshi haujatulia, majibu mawili huwa yamekwisha kutangazwa. La kwanza hutoka juu: ni ajali tu, ni mapenzi ya Mungu, wananchi watulie. La pili hutoka chini: wamemuua. Majibu hayo yanapingana, lakini ni ndugu wa tumbo moja, maana yote mawili hukataa kungoja ushahidi.

Sisemi kwamba shaka ya Mkenya haina msingi. Shaka yetu ina wazazi, na tunawajua kwa majina. Mwaka 1969 Tom Mboya alipigwa risasi mchana katikati ya jiji la Nairobi. Mwaka 1975 J.M. Kariuki alipotoweka, Wakenya waliambiwa kwamba yuko Zambia, kumbe maiti yake ilikuwa imeokotwa katika vilima vya Ngong. Mwaka 1990 mwili wa Dakta Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, ulipatikana umeteketea karibu na nyumbani kwake Koru, na walikuwako waliotaka tuamini kwamba alijiua. Mwaka huohuo Askofu Alexander Muge alikufa barabarani akitoka Busia, siku chache tu baada ya waziri mmoja kumtisha hadharani asikanyage huko. Watu waliodanganywa mara nyingi hivyo hawawezi kulaumiwa wakisita kuamini tangazo la redio. Hata hivyo, ndugu zangu, shaka ni mwanzo wa uchunguzi. Haiwezi kuwa hukumu yake.

Acheni nichukue msiba mmoja ambao sisi Wakenya tuliusikia kama wetu. Tarehe 9 Januari 2005, katika Uwanja wa Nyayo, Nairobi, Dakta John Garang alitia sahihi mkataba uliomaliza vita vilivyoanza Sudan mwaka 1983, vita vilivyogharimu maisha ya watu wapatao milioni mbili. Mazungumzo yalifanyika katika nchi yetu, Machakos na Naivasha, na mpatanishi alikuwa Mkenya, Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo. Tarehe 9 Julai Garang aliapishwa Khartoum kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Tarehe 30 Julai, majuma matatu baadaye, aliondoka Uganda kwa helikopta ya Rais wa Uganda, aina ya Mi-172 iliyoundwa Urusi, akielekea kambi yake ya New Site karibu na mpaka wa Kenya. Hakufika. Helikopta iligonga milima ya kusini mwa Sudan, na watu wote 14 waliokuwamo wakafa, Garang na wenzake sita pamoja na wahudumu saba wa helikopta.

Tazameni sasa mambo yalivyokwenda. Habari za kupotea kwake zilipovuma, televisheni ya serikali ya Sudan ilitangaza kwamba ametua salama. Saa chache baadaye waziri akakanusha. Tarehe 1 Agosti kifo kikathibitishwa, na siku hiyohiyo Khartoum ikawaka moto. Watu wa kusini waliamini wameuawa katika kiongozi wao. Watu wa kaskazini wakalipiza kisasi. Ghasia za siku chache hizo zilichukua roho za watu zaidi ya 100. Yaani helikopta iliua watu 14, na uvumi pamoja na tangazo la uongo vikaua mara nyingi zaidi ya hapo. Hii ndiyo sababu nasema jambo hili si la mafundi peke yao.

Katika siku hizo za maombolezo Rais Museveni, mwenye helikopta, alisema hadharani kwamba hatupi nje sababu yoyote: huenda rubani alishikwa na hofu, huenda ni upepo, huenda vipimo viliharibika, au huenda kulikuwa na mkono wa nje. Wengi walilishika neno la mwisho wakayasahau mengine. Lakini ukiyatazama maneno hayo kwa utulivu, utaona yanafanana na orodha ambayo mchunguzi yeyote huanza nayo. Kuna milango mitano ambayo kifo chaweza kuingilia katika helikopta, na kazi ya uchunguzi ni kuubisha kila mmoja mpaka ujibu.

Mlango wa kwanza ni mtambo. Ndege ya kawaida ina mabawa, na injini ikizimika yaweza kuteleza hewani kwa kitambo. Helikopta huninginia katika mapanga yanayozunguka juu yake, na panga dogo la mkiani huizuia isizunguke kama pia. Kiungo kimoja kikikatika, hakuna cha kushikilia. Tarehe 29 Aprili 2016 helikopta iliyokuwa ikiwarudisha wafanyakazi wa visima vya mafuta nchini Norway iliachwa na mapanga yake ikiwa angani, na watu 13 wakafa. Wachunguzi waliokota vipande baharini na nchi kavu, wakavipanga, wakakuta kwamba gurudumu moja la meno ndani ya giaboksi lilikuwa na ufa mdogo uliokua ndani ya chuma bila kuonekana. Ajali iliyofanana nayo ilikuwa imewaua watu 16 karibu na Scotland mwaka 2009. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Na hapa ufa ulikuwa ufa kweli, na ukuta ukawa makaburi.

Wapenzi wa kandanda watakumbuka pia jioni ya tarehe 27 Oktoba 2018, mmiliki wa klabu ya Leicester City alipokufa na watu wengine wanne mara tu helikopta yake ilipopaa kutoka uwanjani. Uchunguzi ulionyesha kwamba beringi ya panga la mkia ilikwama, na kuanzia hapo rubani hakuwa na namna ya kuiongoza. Laiti watu wangeridhika na kumlaumu rubani, wangemlaumu mtu asiye na hatia.

Mlango wa pili ni mafuta na mzigo. Novemba 2013, huko Glasgow, helikopta ya polisi ilianguka juu ya paa la baa iliyojaa watu, na watu 10 wakafa. Injini zote mbili zilikuwa zimezimika kwa kukosa mafuta, ilhali katika tangi kuu mafuta bado yalikuwamo! Swichi za pampu za kuyasukuma hadi kwenye injini zilikutwa zimezimwa. Kama wachunguzi wangeishia kuuliza, je, mafuta yalikuwamo, wangejibiwa ndiyo, na kweli ingefichika. Waliuliza swali la pili: je, yalifika yalikotakiwa kufika?

Mlango wa tatu ni hali ya hewa. Rais Ebrahim Raisi wa Iran alikufa tarehe 19 Mei 2024 pamoja na waziri wake wa mambo ya nje na watu wengine sita. Helikopta tatu zilikuwa zikisafiri pamoja katika milima. Mbili zilifika salama, yake haikufika. Kwa kuwa Iran ina maadui wengi, uvumi ulienea dunia nzima siku hiyohiyo. Ripoti ya mwisho ya majeshi ya nchi hiyo, iliyotolewa Septemba 2024, ilitaja ukungu mzito uliopanda ghafla, helikopta ikagonga mlima. Penye milima, mawingu huficha mawe.

Mlango wa nne ni binadamu anayeendesha. Huu haujitengi na ule wa tatu. Mtu akiingia ndani ya wingu, macho hayaoni upeo wa dunia, na sikio la ndani, ambalo Mungu alituumbia ili tusimame wima juu ya ardhi, huanza kumdanganya. Hudhani anapanda kumbe anashuka. Hudhani amenyoka kumbe anapinda. Hivyo ndivyo ilivyokuwa karibu na Los Angeles tarehe 26 Januari 2020, alipokufa mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant pamoja na binti yake na watu wengine saba. Helikopta ile haikuwa na kisanduku cheusi cha kunasa habari za safari. Hata hivyo wachunguzi walikusanya picha za rada, sauti za rubani akizungumza na waongozaji wa ndege, picha zilizopigwa na watu waliokuwa chini, na injini zenyewe, wakatoa jibu baada ya mwaka mmoja na siku chache. Basi mtu yeyote asituambie kwamba kwa kuwa hapakuwa na kisanduku, hakuna la kujulikana.

Mlango wa tano ni uovu wa makusudi: bomu, kombora, au mkono uliochezea mtambo usiku. Mlango huu upo, na mwenye kuukana kabla ya kuubisha hatendi haki. Mwaka 2002, huko Chechnya, helikopta kubwa ya jeshi la Urusi iliangushwa kwa kombora lililorushwa na mtu kutoka begani, na wakafa watu zaidi ya 100. Lakini sikilizeni sehemu ya pili ya habari hiyo. Helikopta ilikuwa imepakizwa watu kupita kiasi kilichoruhusiwa, na kamanda aliyehusika akashtakiwa kwa uzembe. Adui alirusha kombora, na uzembe wa wenyewe ukazidisha idadi ya majeneza. Milango miwili yaweza kufunguka kwa wakati mmoja.

Uovu nao huacha nyayo. Bomu hupinda chuma kuelekea nje na kuacha chembe za baruti ambazo maabara huzitambua. Chombo kikipasuka angani, vipande hutawanyika mbali sana. Chombo kilichogonga mlima kikiwa kizima huacha mabaki mahali pamoja. Chuma kilichochoka kwa miaka huvunjika kwa namna yake, na chuma kilichokatwa kwa msumeno kwa namna nyingine. Mabaki ni mashahidi wasiojua kuhongwa, ila waweza kuibwa, kuhamishwa, au kuoshwa na mvua. Ndiyo maana saa za kwanza zina thamani kuliko hotuba zote za baadaye.

Turudi kwa Garang. Sudan na Uganda ziliunda uchunguzi wa pamoja, na wataalamu wa kigeni wakaalikwa kusaidia. Mwaka 2006 wachunguzi walihitimisha kwamba chanzo kilikuwa kosa la rubani katika hali mbaya ya hewa. Baadhi ya jamaa na wafuasi wa marehemu hawakuridhika, nao walikuwa na haki ya kuendelea kuuliza.

Nami nataka tuyapime maneno hayo, kosa la rubani, kwa sababu tutayasikia tena na tena maishani mwetu. Rubani aliyekufa hawezi kujitetea. Ana mjane, ana watoto, ana mama anayesikiliza redio. Kuandika jina lake mwishoni mwa ripoti ni rahisi, nako humaliza maswali ya wakubwa. Lakini kosa la rubani mara nyingi ni pete ya mwisho ya mnyororo mrefu. Nani alipanga safari ya kwenda milimani jua likikaribia kutua? Je, yuko aliyekuwa na uwezo wa kumwambia mheshimiwa kwamba leo hatupai, naye akasikilizwa? Katika nchi zetu, ambako neno la mkubwa ni amri, rubani anayekataa kuruka huhatarisha kazi yake, na anayekubali huhatarisha roho za watu. Uchunguzi usiofika kwenye swali hilo umekomea mlangoni.

Sasa tuingie nyumbani. Jumapili tarehe 10 Juni 2012, dakika chache baada ya kuondoka Uwanja wa Wilson, helikopta ya polisi ilianguka katika msitu wa Ngong. Walikufa Profesa George Saitoti, Waziri wa Usalama wa Ndani, msaidizi wake Orwa Ojode, marubani wawili na walinzi wawili. Serikali iliunda tume chini ya Jaji Kalpana Rawal, na mashahidi wakahojiwa hadharani. Tuyaseme yaliyo mema: wananchi walisikia kwa masikio yao wenyewe maswali yakiulizwa na kujibiwa, jambo ambalo wazazi wetu hawakulipata mwaka 1975.

Tarehe 18 Aprili 2024 helikopta ya jeshi aina ya Huey, ambayo ubunifu wake ni wa miaka ya 1950, ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet. Ilikuwa na watu 12. Kumi walikufa, miongoni mwao Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, na wawili wakaokoka. Safari hii jeshi lilijichunguza lenyewe. Ripoti ya Wizara ya Ulinzi iliyojulikana mwaka 2025 ilitaja hitilafu ya injini. Yawezekana kabisa kwamba hilo ndilo jibu sahihi. Lakini jibu sahihi lililotolewa na mwenye chombo peke yake hubaki na kilema: hata liwe kweli tupu, mwananchi hana njia ya kulipima. Na kama ni injini, maswali yafuatayo ni ya halali. Ilikaguliwa lini? Na nani? Ngapi za umri wake bado zinapaa na vijana wetu ndani yake?

Yapo mapatano ya dunia juu ya mambo haya, yaliyotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Yanasema kwamba shabaha ya kuchunguza ajali ya ndege ni kuzuia ajali nyingine, wala si kutafuta wa kuadhibiwa. Na kwamba ripoti ya mwisho itolewe, ikiwezekana, katika muda wa miezi 12. Ila mkataba huo ni wa ndege za kiraia. Ndege za jeshi na za polisi zimeachwa nje. Na hizo ndizo wakubwa wetu hupanda! Pengo hilo halitazibwa na wageni. Litazibwa na sisi kwa sheria zetu, na silaha tunayo: Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 imeeleza njia ya kuzidai.

Basi tufanye nini msiba wa namna hii ukitokea tena, Mungu apishe mbali?

Kwanza, walio karibu na mahali pa ajali waokoe majeruhi, kisha walinde mabaki. Kipande kilichookotwa kama kumbukumbu chaweza kuwa ndicho kilichobeba kweli. Aliyeona au kusikia lolote aliandike siku hiyohiyo, kabla hajasikia ya wengine, maana kumbukumbu nayo huchanganyika.

Pili, tudai kwamba anayechunguza asiwe yule anayemiliki, wala anayetengeneza, wala anayeamuru safari. Hao watoe ushahidi. Wasikalie kiti cha jaji.

Tatu, tudai tarehe. Itangazwe ni lini ripoti ya mwanzo itatoka na ni lini ya mwisho. Kwa ajali ile ya Leicester, ripoti kamili ilichukua karibu miaka mitano, lakini wiki chache tu baada ya msiba umma uliambiwa palipoonekana hitilafu. Subira ni njema pale tu ambapo anayesubiriwa anaonekana akifanya kazi.

Nne, tufuatilie mapendekezo. Ripoti iliyotolewa ikawekwa kabatini ni maiti ya pili.

Tano, na hili nawaambia hasa wachungaji, mimbari ya mazishi isigeuzwe kuwa kiti cha hukumu. Mfiwa aruhusiwe kulia na kuuliza. Bwana wetu, alipoutaja mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18, alikataa kuwafanya wale wafu kuwa wakosaji kuliko wengine. Nasi tusiseme ni mapenzi ya Mungu pale ambapo pengine ni skrubu iliyolegea. Wala tusimtaje muuaji ambaye hatujamwona. Mama Rebecca Nyandeng, mjane wa Garang, katika zile siku za kwanza, moyo wake ukiwa umevunjika, aliwasihi watu watulie akisema kwamba maono ya mumewe hayakufa. Maneno yake yaliokoa maisha ya watu, na baadaye hayakumzuia kuendelea kutafuta kweli. Utulivu na kudai haki vyaweza kukaa katika kifua kimoja.

Kuna methali tunayopenda kuitumia: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa helikopta iliyoanguka, methali hiyo ni mshauri mbaya. Lisemwalo huenda lipo, huenda halipo, na kulijua yapasa kwenda mlimani, kuinama, na kuokota chuma kimoja kimoja. Nayo serikali ikumbuke nyingine: mficha uchi hazai. Nchi inayoficha ripoti za misiba yake haiwezi kuzaa usalama.

Wafu wa Ngong na Sindar hawatarudi. Lakini kesho asubuhi rubani kijana atapanda helikopta ya umma na kuwasha injini. Ana haki ya kujua ni nini kilichowaua waliomtangulia, na sisi, wenye mali na wenye kodi, tunalo jukumu la kumdaia jibu hilo.